Ubao wa Mama Funguo

Shangazi yangu amestaafu sasa, na kila Jumapili jioni hunipigia simu ya video huku kamera ikiangalia paji la uso wake. Nikimwambia ashushe simu kidogo ananijibu kwamba paji ndilo lenye akili, nitosheke nalo. Kabla ya kukata huniuliza swali lile lile: nimebadilisha maneno yangu ya siri? Nikijibu ndiyo, haraka haraka ananiambia nisimtajie. Wenzangu wa ofisini wakisikia hucheka mpaka machozi. Hawajui kwamba jambo hilo nusura limtoe mtu kwenye chumba alichokipenda kuliko nyumba yake, na kwamba wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Basi niseme mapema, nisije nikaonekana mjanja. Ule ujumbe niliutuma mimi. Sasa tuendelee.

Shangazi alikuwa mtunza stoo wa shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa. Chaki, fagio, mipira, vitabu, karatasi za mitihani, na funguo. Hasa funguo. Nyuma ya meza yake kulikuwa na ubao wa misumari sitini na minne, na kila msumari ulibeba ufunguo wenye kibati chake, kibati alichokikata mwenyewe kutoka kwenye kopo la maziwa na kukitoboa tundu. Saa kumi jioni, mvua inyeshe jua liwake, alisimama mbele ya ubao ule akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza, kisha akasema kwa sauti, hata kama yuko peke yake: "Zimerudi zote." Hapo ndipo alipochukua mkoba wake. Mwalimu aliyesahau ufunguo wa maabara mfukoni alifuatwa mpaka nyumbani, na kama yuko bafuni alisubiriwa sebuleni. Katika miaka yote hiyo hakupoteza hata mmoja.

Shule nzima ilimwita Mama Funguo. Mimi nilikuwa nakaa kwake na kusoma pale pale, na nikishavuka geti nami nilitakiwa nimwite hivyo hivyo, maana alisema shuleni hana ndugu. Nyumbani yeye ndiye aliyeniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Ukiitwa mama na mtu huyo huyo anayekuamrisha ukasugue masufuria, unajua kabisa kwamba cheo hicho hakina mshahara.

Halafu zikaja kompyuta.

Zilikuja ishirini, ndani ya maboksi, pamoja na intaneti ya waya mweusi uliopita juu ya paa la ukumbi. Siku ile hakuna aliyesoma. Tulining'inia madirishani kama nguo za kuanika, tukizihesabu zinavyoshushwa. Ofisini walimu walikuwa wanagombania nani akabidhiwe chumba. Wa fizikia alisema yeye ndiye anayeuelewa umeme, na wa jiografia alisema yeye ana kompyuta nyumbani. Mkuu wa shule, mtu mpole asiyependa kelele, aliwauliza swali moja tu: ni nani kati yao ambaye hajawahi kupoteza mali ya shule? Kila mmoja akaangalia viatu vyake. Mwishowe wote wakageuka kumtazama Mama Funguo, aliyekuwa ameleta chai.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na kompyuta pekee aliyokuwa ameigusa maishani ni ile ya mkuu, tena kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Wakampeleka mafunzo ya wiki mbili. Siku ya kwanza alirudi nyumbani anahema kama aliyefukuzwa, akanikalisha jikoni kunieleza jinsi kile kipanya kinavyotembea mezani na mshale nao ukatembea kwenye kioo. "Yaani vinasikilizana, mama," aliniambia, macho yamemtoka kwa furaha. Siku ya tatu alichora kibodi nzima kwenye kipande cha boksi, akaiweka mezani kando ya sahani yake, na kila tukila alikuwa anaandika huku anatafuna. Nikimwomba chumvi, alinitaka nimtajie kwanza herufi zake ziko wapi.

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi hivyo. Alishona vifuniko ishirini vya kitambaa, kila kompyuta na chake, akaziamkia asubuhi na kuziaga jioni. Printa ilikuwa na nongwa, inakula karatasi za kila mtu isipokuwa zake. Watoto waliokuwa wanamkimbia stoo sasa walipanga foleni mlangoni kwake, naye akicheka, na kicheko chenyewe kumbe kilikuwa kikubwa, cha tumbo, hakuna aliyewahi kukisikia shuleni. Alikuwa akinirudisha nyumbani jioni huku anaongea njia nzima. Aliniambia miaka kumi na tisa alikuwa anafungia watu vitu, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa anafungulia.

Kosa lake lilitoka kwenye sifa yake, ndiyo maana bado linaniuma.

Kila mwalimu alipewa neno la siri la kuingilia kwenye mfumo wa shule, kule kwenye alama, ratiba na namba za simu za wazazi wote. Ukibonyeza mara moja, ujumbe unawafikia wazazi mia nne kwa mpigo. Kijana aliyefundisha yale mafunzo alikuwa amewaeleza kwamba neno la siri ni ufunguo. Maskini, hakujua anamwambia nani. Kwa shangazi, ufunguo unaokaa mfukoni mwa mtu mmoja ulikuwa tayari umeshapotea. Je, mwenyewe akiugua? Akisafiri? Akamwita seremala wa shule, akatengenezewa ubao mpya wa misumari ishirini na minne. Akakata vibati, akachukua kalamu ya wino mzito, akapita kwa mwalimu mmoja baada ya mwingine. Nao walikuwa wamezoea kwamba Mama Funguo akidai kitu unatoa, basi wakatoa. Hakuna aliyekunja uso. Mkuu naye alitaja la kwake, tena herufi kwa herufi.

Ubao ule akautundika stoo, ndani ya kufuli, na saa kumi jioni akawa anahesabu mbao mbili. Zimerudi zote.

Sasa mimi chakula cha mchana nilikuwa nakulia stoo kila siku, juu ya boksi la karatasi, uso kwa uso na ubao huo. Namba tisa ilikuwa ya mwalimu wa taaluma, ndiye mpanga ratiba na mitihani, na ndiye anayewaandikia wazazi matangazo. Neno lake lilikuwa "subira" na mwaka aliooa, ingawa subira yenyewe hakuwa nayo hata punje. Baada ya wiki mbili tu nilikuwa nalijua kama jina langu, bila hata kukusudia.

Kukusudia kulikuja baadaye. Timu yetu ya netiboli ilikuwa imeingia fainali, mara ya kwanza tangu shule ijengwe, na mfungaji alikuwa mimi hapa. Mechi ilikuwa Alhamisi saa nane, kwenye uwanja wa shule nyingine, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mkuu akatoa ruhusa kwa wachezaji na walimu wawili. Wengine wote wabaki darasani, ratiba iheshimiwe. Nilipandwa na hasira. Nani angetushangilia, wale walimu wawili? Jumatano baada ya masomo niliingia chumba cha kompyuta kama kawaida, nikakaa kwenye mashine ya pembeni. Nikafungua mfumo kwa namba tisa na kuandika kwa lugha ya mwalimu wa taaluma, maana alikuwa anapenda sana kusema "mnaarifiwa": "Wazazi mnaarifiwa kuwa kesho wanafunzi wote wataruhusiwa saa sita mchana kwenda kushangilia fainali." Nikabonyeza. Hatua nne kutoka kwangu, shangazi alikuwa anapangusa kioo huku anaimba.

Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Ilikuwa tamu mno. Kesho yake saa sita kengele haikulia, lakini wanafunzi walisimama, maana nyumbani walishaambiwa. Mlinzi wa getini alikuwa na binti kidato cha pili na ujumbe aliupata, akafungua geti kwa heshima zote. Walimu walidhani mkuu amelegeza kamba. Mwalimu wa taaluma mwenyewe alikuwa semina. Mkuu hakuwa na mtoto pale, hivyo simu yake ilikaa kimya. Alipotoka ofisini kwake saa saba kuuliza mbona kumetulia, alikuta shule nzima ni yeye na kuku wa mlinzi. Sisi kule uwanjani tuliwaona wakija, mashati meupe barabara nzima, wanaimba majina yetu, na vumbi nyuma yao. Tulishinda kwa magoli mawili, na la mwisho nililifunga huku nimefumba macho.

Jioni ile ile raha ikatumbukia nyongo. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, mdogo mdogo, aliyehamia mji ule mwezi uliopita, alifuata kundi lisilo lake wakati wa kurudi. Mama yake alimtafuta kuanzia saa tisa. Alipatikana saa kumi na mbili kwenye kibanda cha fundi viatu, mtaa wa mbali kabisa, ameshika chupa ya soda aliyonunuliwa na fundi ili aache kulia. Ijumaa asubuhi mama huyo alikuja shuleni. Sikumsikia akipiga kelele. Alimwonyesha mkuu ujumbe kwenye simu yake, akauliza kama maneno ya shule sasa yanaandikwa na mtu yeyote tu.

Mambo yakafika ofisi ya elimu siku hiyo hiyo. Jibu likaja kabla ya saa sita: Ijumaa inayofuata atakuja mkaguzi. Akikuta shule haina kanuni za matumizi ya kompyuta na mtandao, kanuni zinazojulikana na kufuatwa, na akikuta haijulikani nani alituma ujumbe, basi kompyuta zote ishirini zinahamishiwa shule nyingine na Mama Funguo anarudi stoo kuhesabu fagio. Mkuu alimweleza akiwa ameinamisha kichwa, akamkabidhi kurasa kumi na moja za kanuni zilizoletwa na ofisi, awasainishe wanafunzi wote.

Jumamosi shangazi hakugusa chai. Aliniambia kwamba ubao wake hauna kosa. Alihesabu Jumatano saa kumi, alihesabu Alhamisi, vibati vyote ishirini na vinne vilikuwa kwenye misumari yake. Hakuna aliyechukua kitu. Kama hakuna kilichotoka, mtu aliingiaje?

Ningeweza kunyamaza. Lakini kumwona vile amekaa, anahesabu vidole vyake mezani na hesabu inakubali kila mara, kulinishinda.

"Shangazi," nikamwambia, "neno si lazima litoke kwenye msumari. Ukilisoma, umeshaondoka nalo, na kibati bado kinaning'inia."

Aliacha kuhesabu. Akanitazama kwa muda mrefu, macho hayapepesi, mpaka nikajifanya natafuta kijiko. Kisha akainuka, akavaa viatu, akatoka mbio mbio. Mimi nyuma yake. Tulifika shuleni. Alifungua stoo, akaviteremsha vibati vyote kimoja kimoja, akavifuta maneno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka vikang'aa. Alipomaliza, akasimama mbele ya ubao mtupu na kusema polepole kwamba ufunguo ukiibiwa msumari unakwambia, lakini hivi havikumwambia. Nikaona machozi. Nilitamani kusema pale pale. Sikusema.

Jumatatu aliwaita walimu wote wabadilishe maneno yao, kila mmoja achague lake peke yake, na wakati wanaandika yeye alisimama ameelekeza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwalimu wa taaluma alipotaka kumtajia jipya kwa mazoea, aliziba masikio. Baada ya hapo akaanza na zile kurasa kumi na moja. Alitusomea zote, "mtumiaji hataruhusiwa" na "kwa kuzingatia kifungu kidogo", mpaka wengine wakasinzia. Foleni ya kusaini ilimalizika kwa dakika tano. Akamwuliza wa kwanza amesaini nini. Akasema karatasi. Akamwuliza wa pili, akasema kanuni. Kanuni gani? Yule kijana akafikiri, akajibu ya kwanza. Katika kusaini huko mmoja alikuwa ameandika sahihi ya mkuu wa shule, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kuighushi.

Shangazi alizikunja zile kurasa mara nne. Nilimjua. Alikuwa anachemka.

Jumanne asubuhi, tukiwa mstarini, alipanda jukwaani akiwa amebeba ule ubao mtupu wa misumari ishirini na minne. Ubao ulikuwa mrefu kumfika kifuani. Hakuwahi kuhutubia watu maishani mwake. Akasema kwamba yeye alitundika maneno ya siri ya walimu ukutani, kwa wino, akayahesabu kila jioni kama mbuzi. Kwa sababu hiyo mtoto wa watu alipotea saa tatu nzima. Hakuna aliyecheka. Akatoa kibati mfukoni, akakisoma: "Neno la siri halitundikwi. Mama Funguo." Akakitundika kwenye msumari wa kwanza.

"Mingine ishirini na mitatu ni yenu," akatuambia. "Sitaandika kanuni isiyo na mwenyewe. Aliyekosea ndiye aje aseme, kisha aandike. Mimi nimeshaanza, sasa sioni haya."

Nikwambie ukweli, nilidhani hatakuja mtu. Mapumziko yalipofika foleni ya kuingia chumba cha kompyuta, alikoutundika ubao ule, ilizunguka jengo. Sijui ni nini kilitupata wiki ile, lakini shule ilishikwa na homa. Watu walikuwa wanakimbia kutoka darasani kwenda kukiri. Kijana mmoja mrefu tuliyemwita Mnara alikiri kwamba alimpiga picha mwenzake amelala darasani mdomo wazi, akaisambaza, na mwenzake akakaa nyumbani siku tatu kwa aibu. Mwenzake huyo alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ndipo akajua ni nani. Mnara akamwomba radhi hapo hapo, akaandika: "Picha yake ni yake, muulize." Binti mmoja akasema insha yake ya likizo, ile iliyompa alama nyingi, aliinakili mtandaoni usiku wa mwisho bila kuisoma. Mwalimu naye hakuisoma vizuri, maana ndani yake binti alikuwa mwanaume wa miaka hamsini mwenye maumivu ya mgongo na wake wawili. Chumba kizima kilivunjika mbavu. Mwalimu wa jiografia, yule mwenye kompyuta nyumbani, akaja akiwa ametazama chini. Aliwahi kuambiwa kwenye simu kwamba ameshinda zawadi, akajibu maswali yote mpaka jina la mama yake, na alama za muhula mzima zikapotea. Alikuwa ametudanganya kwamba zililiwa na panya. Kibati chake kilisema: "Ukiambiwa umeshinda na hukushindana, funga."

Mkuu wa shule alikuja Jumatano, kapanga foleni kama wengine. Akakiri kwamba aliwahi kuwatumia walimu wote ujumbe wa sauti aliokuwa amemkusudia mkewe, wa kulalamika kuhusu soksi. Walimu walishausikia, walikuwa wanajikaza tu tangu mwaka jana.

Si yote yalikuwa ya kucheka. Yule mtoto wa kidato cha kwanza naye alikuja, akanong'ona kwamba kuna mtu asiyemjua anayemwandikia mtandaoni, na alishamwambia anasoma wapi na anatoka saa ngapi. Shangazi alifunga mlango. Akampigia mama yake, akamwita mkuu, wakakaa naye mpaka jioni na kumzuia mtu yule asiweze kumwandikia tena, na taarifa ikapelekwa polisi. Mtoto aliandika kibati chake mwenyewe, herufi kubwa kubwa: "Usiyemjua usimwambie unasoma wapi." Nilipokisoma niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na ameweza.

Alhamisi saa kumi ubao ulikuwa na vibati ishirini na vitatu. Wengi zaidi walikuwa wanataka, lakini shangazi aliwaambia wasubiri, kanuni zikiwa mia nani atazisoma. Msumari namba tisa hakumruhusu mtu yeyote kuugusa. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza, mimi nimesimama mlangoni na fagio. Akasema, "Bado mmoja." Alikuwa amesema hivyo Jumanne, na Jumatano pia, hata misumari mingine ilipokuwa bado mitupu. Halafu akachukua mkoba tukaenda nyumbani, na njia nzima akaniuliza habari za netiboli tu.

Usingizi ulikuwa wa taabu. Nilijua ninachokiogopa: kufukuzwa shule, na timu kunyang'anywa kombe kwa sababu yangu. Nilijua pia kinachomngoja yeye. Nilipima upande huu na ule mpaka kichwa kikauma, na mizani ilikataa kutulia.

Mkaguzi alifika Ijumaa saa tatu na nusu, na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Hakuomba kuona karatasi. Alisimama ukumbini akamwelekezea kidole mwanafunzi yeyote tu: taja kanuni moja. Yule akataja ya picha, akaeleza na ya Mnara. Wa pili akataja ya zawadi, mwalimu wa jiografia akakohoa. Wa tatu hakusubiri kuulizwa. Punde wakawa wanaongea kwa pamoja, wanakatizana, wanasahihishana, hapana si soksi mbili ni jozi mbili, na mkaguzi anageuza kichwa huku na huku, kalamu imemganda mkononi. Nilimwona anauma mdomo ili asicheke.

Aliingia chumba cha kompyuta, tukajazana mlangoni. Akausoma ubao wote, kibati kwa kibati. Akafika namba tisa.

"Huu je?"

"Huo una mwenyewe," shangazi akajibu. "Hajafika."

"Unamjua?"

"Naujua msumari wake."

Mkaguzi akashusha miwani. Akasema kazi hii ni nzuri, hajaona kama hii mahali pengine, lakini fomu yake ina mstari wa aliyehusika. Akiuacha mtupu, hana namna, chumba kinafungwa. Shangazi akaisogelea kompyuta iliyokuwa karibu, akanyoosha mkunjo ambao haukuwepo kwenye kifuniko chake. Kisha akasema basi aandike jina lake yeye, mlango ulikuwa wake.

Hapo miguu yangu ilishaanza kutembea kabla sijakata shauri. Nilipenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisoma namba tisa nikiwa nakula, nikatuma ujumbe kwa jina la mwalimu wa taaluma. Sikutumwa na mtu. Shangazi hakujua."

Nilikuwa nimemwita shangazi ndani ya geti. Hakunisahihisha. Mkaguzi aliandika jina langu kwenye ule mstari, akageuza ukurasa, akatia sahihi kwamba chumba kiendelee. Mkuu alitamka adhabu palepale: wiki mbili nyumbani, muhula mzima bila kugusa kompyuta, na niende kwa miguu yangu kwa mama wa yule mtoto, nimwambie machoni. Yote niliyatumikia, na la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Kombe walituachia.

Lakini kabla ya yote hayo shangazi aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kibati. Kilikuwa tayari kina tundu, na kingo zake amezipiga tupa ili zisikate mkono.

"Nilikitoboa Jumamosi ile," akasema. "Kimenikaa mfukoni wiki nzima, mama. Andika."

Niliandika: "Usiseme kwa jina la mtu mwingine." Chini yake nikaweka majina yangu matatu, herufi zikapanda mlima. Akakichukua na kukitundika namba tisa. Akarudi nyuma hatua mbili, akainua kidole, akaanza kuhesabu.

"Zimerudi zote," akasema.

Akachukua mkoba wake. Ilikuwa saa nne asubuhi na hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alikaa nao kwenye kiti cha karibu, akaukumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja.